Kanisa la Kale la Rabai: Jinsi ya Kulizuru na Kujifunza

Anayesafiri kutoka Mombasa kuelekea Nairobi hufika Mazeras, na hapo hukuta barabara inayoelekea Kaloleni. Akiifuata barabara hiyo hufika Rabai, juu ya mgongo wa vilima vinavyotazama bahari kwa mbali. Kutoka kisiwa cha Mombasa hadi hapo ni takriban kilomita 25. Katika eneo la misheni ya zamani lipo jengo la kanisa ambalo sasa halitumiki kwa ibada. Limekuwa jumba la makumbusho lenye jina la Dkt. Krapf, chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na wanafunzi, watalii na wakaazi huja hapo kusikiliza historia ya mahali hapa.

Wakaazi wengi wa Kilifi wamepita Rabai mara nyingi bila kuingia. Wengine walifika wakiwa shule ya msingi, wakaandika jina la Krapf na mwaka mmoja kwenye daftari, wakarudi nyumbani. Somo hili linaeleza jengo hilo lilitokeaje, ni akina nani walioishi kulizunguka, na namna familia, shule au kikundi cha kijiji kinavyoweza kulizuru kikarudi na maarifa.

Je, ni kanisa la kwanza nchini?

Rabai husemwa sana kuwa mahali pa kanisa la kwanza nchini Kenya. Maneno hayo yanahitaji uangalifu, hasa kwa wakaazi wa kaunti hii. Malindi, ambayo pia imo Kilifi, ina kanisa dogo lililojengwa na Wareno katika karne ya 16. Mtakatifu Francis Xavier alipita Malindi mwaka 1542 akiwa safarini kwenda India. Mombasa nayo ilikuwa na makanisa ya Wareno kabla ya kuondolewa pwani.

Kwa hivyo usemi ulio sahihi zaidi ni kwamba Rabai ndipo ilipoanza kazi ya misheni ya karne ya 19 katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya, na kanisa la Rabai ni la kwanza katika kipindi hicho. Tofauti hiyo ni ndogo kwa maneno, lakini ni muhimu. Makanisa ya Wareno yalifuata meli na ngome zao. Kanisa la Rabai lilijengwa ndani ya nchi ya Mijikenda, kwa ruhusa ya wazee wenyeji.

Kwa nini Rabai?

Johann Ludwig Krapf alizaliwa mwaka 1810 karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani. Alitumwa na Church Missionary Society, shirika la misheni la Uingereza ambalo kwa kifupi huitwa CMS. Alifanya kazi Uhabeshi kwa miaka kadhaa mpaka alipozuiwa kuendelea. Mwanzoni mwa 1844 alifika Unguja, akampelekea Sultani Seyyid Said maombi yake, akapewa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wa pwani. Mwezi wa Mei mwaka huo alihamia Mombasa.

Miezi miwili baadaye homa iliingia nyumbani kwake. Mkewe, Rosine, alifariki Julai 1844, na mtoto wao mchanga akafariki siku chache baada ya mama yake. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa. Kaburi hilo lipo hadi leo upande wa Nyali, na anayezuru Rabai hulielewa jengo vizuri zaidi akijua kwamba kazi hiyo ilianza na msiba.

Mombasa ilikuwa mji wa Waislamu wenye vyuo na mashehe wake, na Krapf hakutarajia kupata wafuasi wengi huko. Alitafuta mahali pa bara palipo karibu na mji. Rabai ilifaa kwa sababu tatu. Kwanza, mtu angeweza kupanda mashua kutoka Mombasa, akaingia ndani ya hori, kisha akapanda mlima kwa miguu. Pili, vilima vina upepo na vilidhaniwa kuwa na homa kidogo kuliko kisiwani. Tatu, njia za misafara ya kwenda Ukambani na Uchaga zilipita upande huo.

Juni 1846 alijiunga naye Mjerumani mwingine, Johannes Rebmann. Wazee wa Rabai walikutana wakawakubalia wageni hao kukaa. Tarehe 25 Agosti 1846 wawili hao walihamia Rabai Mpya, wakiwa wadhaifu kwa homa kiasi kwamba kupanda mlima tu kulikuwa kazi. Jina la Rabai Mpya ni tafsiri ya jina la Kirabai, Mudzi Muvya, yaani mji mpya. Ndilo jina la kaya iliyokuwapo hapo.

Ruhusa ya wazee ni jambo linalosahaulika mara kwa mara katika masimulizi. Bila ya kambi ya wazee kukaa na kukubaliana, jengo hilo lisingekuwapo. Mgeni anayesikia kwamba wamisionari "walikuja wakajenga" anastahili kuuliza: nani aliwapa ardhi, nani aliwajengea, nani aliwapikia na nani aliwafundisha lugha?

Waliowaonyesha njia

Kutoka Rabai, Rebmann alisafiri hadi Uchaga, na tarehe 11 Mei 1848 aliuona mlima Kilimanjaro ukiwa na theluji. Krapf alikwenda Ukambani, na tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, aliuona Mlima Kenya. Taarifa zao zilipofika Ulaya, wataalamu kadhaa wa jiografia walizikataa. Walishikilia kwamba haiwezekani kuwe na theluji karibu na ikweta.

Wachaga na Wakamba hawakuhitaji kugunduliwa milima yao. Rebmann aliongozwa na Bwana Kheri, mwenye misafara aliyezijua njia za bara. Krapf alikuwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara na kiongozi mashuhuri wa Wakamba wa Kitui. Mwaka 1851 Kivoi aliuawa msafara wake uliposhambuliwa karibu na Mto Tana, na Krapf, aliyekuwa pamoja naye, alinusurika kwa kukimbia na kurudi peke yake kwa taabu kubwa. Majina ya Bwana Kheri na Kivoi yanafaa kutajwa kila jina la Krapf na la Rebmann linapotajwa.

Mwenzao wa tatu, Jakob Erhardt, alikusanya maelezo ya wafanyabiashara wa misafara kuhusu ziwa kubwa la bara. Kutokana na maelezo hayo ilichorwa ramani iliyochapishwa Ulaya katikati ya miaka ya 1850. Ilikosea kwa kuyaunganisha maziwa kadhaa kuwa moja, lakini ilichangia safari ya Burton na Speke iliyoanza mwaka 1857.

Kanisani kwenyewe mambo yalikwenda polepole. Wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mtu mwenye ulemavu, mwaka 1851, akiwa mgonjwa karibu na kufa. Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa sababu ya afya. Rebmann alibaki hadi 1875, miaka 29 tangu afike, na alipoondoka macho yake yalikuwa yamekwisha kupofuka.

Waliolijaza kanisa

Sehemu hii ya historia ndiyo inayogusa familia nyingi za Rabai, Ribe, Jomvu na Mombasa hadi leo.

Katika karne ya 19 meli za Uingereza zilikamata majahazi ya watumwa katika Bahari ya Hindi. Baadhi ya watoto waliookolewa walipelekwa India, wakalelewa katika kituo cha CMS huko Nasik, karibu na Bombay. Walijifunza kusoma, kuandika na kazi za mikono kama uhunzi na useremala. Ndio walioitwa Waafrika wa Bombay. Mwaka 1864 wachache wao walirudishwa Afrika na kufika Rabai. Miongoni mwao walikuwa William Jones, Ishmael Semler na George David.

Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga masoko ya watumwa. Baada ya hapo CMS ilianzisha kijiji cha watumwa walioachiwa huru ng'ambo ya Mombasa, kikaitwa Freretown kwa jina la Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyehusika na mkataba huo. Kengele ya kijiji hicho ilipigwa kuwaonya watu hatari ilipokaribia, na ndiyo asili ya jina la mtaa wa Kengeleni.

Mkataba huo ulihusu biashara. Kumiliki mtumwa kuliendelea kuwa halali pwani kwa miaka mingine mingi, mpaka hali ya utumwa ilipofutwa kisheria mwaka 1907. Kwa hivyo mtu aliyetoroka shambani Mombasa, Malindi au Takaungu alikuwa bado mali ya mtu mbele ya sheria. Wengi wa watoro hao walipanda vilima wakatafuta hifadhi Rabai. Misheni ilikuwa na wasiwasi, kwa maana kuwahifadhi watoro kungeweza kuleta vita na wenye mashamba. Hata hivyo watoro walipokelewa, wakapewa mahali pa kulima, wakajenga nyumba. Chini ya uongozi wa William Jones, Rabai ilikua ikawa kijiji kikubwa na kanisa likajaa.

Jones alikuwa mtu wa mambo mengi. Yeye na Semler walipewa ushemasi na Askofu James Hannington mwaka 1885. Mwaka huohuo Jones alifuatana na Hannington katika safari ya kwenda Uganda. Walipofika Kwa Sundu, mahali ambapo leo ni Mumias, Hannington aliendelea mbele na wapagazi 50, akamwacha Jones na wengine wasubiri. Hannington na karibu wapagazi wote aliokwenda nao waliuawa Busoga mwezi wa Oktoba. Watu wachache walioponea walirudi na habari. Jones aliukusanya msafara uliobaki akaurudisha pwani, akafika Rabai Februari 1886.

Miaka miwili baadaye suala la watoro lilifika kilele. Wenye watumwa walidai warudishiwe watu wao, na ilijulikana kwamba wengi walikuwa Rabai. Wakati huo kampuni ya Imperial British East Africa ilikuwa imepewa kibali cha kutawala. Mkuu wake pwani, George Mackenzie, alifanya mapatano: wenye watumwa walipwe fidia, na watoro waandikiwe hati za uhuru. Mwanzoni mwa 1889 hati hizo zilitolewa. Zaidi ya watu 1,400 waliokuwa katika misheni za eneo hili walipata uhuru kwa njia hiyo.

Msikilizaji akiambiwa habari hii huuliza maswali magumu. Kwa nini waliolipwa ni wenye watumwa, ilhali waliofanyishwa kazi bila ujira hawakupata kitu? Watoro walipewa ardhi ya nani, na wenyeji wa Rabai walionaje? Maswali hayo ni halali, na ni vizuri yaulizwe. Jambo la kuepuka ni kuuliza hadharani ukoo wa mtu fulani ulitokana na nani. Zipo familia zinazosimulia asili yao kwa fahari, na zipo zilizonyamaza kwa vizazi kadhaa kwa sababu neno "mtumwa" lilitumiwa kuwadhalilisha. Mwenye habari ndiye mwenye haki ya kuitoa.

Kiswahili na Kirabai katika jengo hili

Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya Krapf kuzaliwa. Hati inayojulikana ya Utendi wa Tambuka ni ya mwaka 1728. Krapf mwenyewe alikusanya hati za tenzi pwani akazipeleka Ujerumani, ambako zilihifadhiwa maktabani Halle.

Kazi aliyoifanya Krapf ilikuwa kukiandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini na kukieleza kwa wasomaji wa Ulaya. Sarufi yake ilichapishwa Tübingen mwaka 1850. Kamusi yake kubwa ilichapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Aliyoyaandika humo yalitokana zaidi na Kimvita, Kiswahili cha Mombasa. Kiswahili sanifu cha shuleni kilichaguliwa baadaye kutokana na Kiunguja, katika mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928.

Krapf na Rebmann waliandika pia Kirabai, wakati huo kikiitwa Kinika. Injili ya Luka kwa lugha hiyo ilichapwa Bombay mwaka 1848, na kamusi yao ikatolewa mwaka 1887 wote wawili wakiwa wamekwisha kufariki. Jina "Kinika" au "Wanika" halitumiki tena. Lilikuwa la kuitwa na wengine, lenye maana ya watu wa nyika, na lilibeba dharau. Mijikenda ndilo jina wenyewe walilolichagua, nalo linahesabu miji tisa. Mwalimu anayewaonyesha wanafunzi maandishi ya zamani yenye jina hilo ni vyema alieleze jambo hili kabla hawajauliza.

Kaya iko karibu

Kanisa hili halieleweki bila kaya. Kaya tatu za Rabai, ambazo ni Mudzi Muvya, Bomu na Fimboni, zimo katika Misitu Mitakatifu ya Kaya za Mijikenda iliyoandikishwa na UNESCO kuwa Turathi ya Dunia mwaka 2008. Mwaka uliofuata, mila na desturi zinazohusiana na kaya ziliingizwa katika orodha ya UNESCO ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka.

Neno "haraka" lina uzito wake. Msitu unaweza kuwekewa uzio. Maarifa ya wazee hayawekewi uzio, na mzee anapofariki bila kurithisha, hakuna maktaba ya kuyarudisha. Mgeni anayezuru kanisa na akatamani kuingia kaya apate kwanza idhini ya wazee, afuatane na mtu waliyemchagua, na asikate tawi wala kuokota chochote. Si kila mahali panaruhusiwa kuingiwa au kupigwa picha, na akiambiwa hapana, atii.

Jinsi ya kuzuru

Kabla ya kwenda. Kikundi kichague swali moja au mawili ya kwenda kutafutia jibu. Wanafunzi wa shule ya msingi wanaweza kuuliza, "Watu waliishije hapa mwaka 1846?" Kikundi cha kina mama kinaweza kuuliza habari za wanawake wa misheni na kazi zao. Shule na vikundi vikubwa viwasiliane na jumba la makumbusho mapema ili mwelekezi aandaliwe. Ada ya kuingia hutofautiana kwa watoto, watu wazima na wageni kutoka nje, na hubadilika, kwa hivyo iulizwe siku hizo hizo. Karibu na hapo lipo Kanisa la Anglikana la Mtakatifu Paulo ambalo waumini hulitumia. Anayezuru Jumapili akumbuke kwamba watu wako katika ibada.

Ndani ya jengo. Watu wasimame kimya kwa dakika chache kabla ya kusoma maelezo. Waangalie unene wa kuta, ukubwa wa madirisha na mahali mlango unapotazama. Wajiulize mwanga na upepo huingiaje, na nani angekaa mbele na nani nyuma. Kisha wamsikilize mwelekezi. Anapotaja tarehe, ni halali kumwuliza imejulikanaje: kwa barua, kwa kitabu, kwa jiwe la kaburi, au kwa masimulizi ya wazee? Kila njia ina nguvu na upungufu wake. Barua za wamisionari zina tarehe, ila zinaonyesha upande mmoja. Masimulizi ya wazee yana upande uliokosekana, ingawa miaka huweza kuchanganyika.

Mikono isiguse vitu vya maonyesho, na majina yasichorwe ukutani. Jasho la mikono na mikwaruzo ya wageni wengi huharibu polepole kile ambacho mvua na mchwa havijakimaliza.

Nje ya jengo. Mgeni azunguke polepole, asome majina makaburini bila kukanyaga makaburi, na atazame upande wa bahari. Akiwa hapo ataelewa kwa nini mahali hapa palichaguliwa: Mombasa iko karibu kiasi cha kufikika kwa siku moja, na iko mbali kiasi cha mtoro kupumua.

Baada ya kurudi. Kila mtu aandike au asimulie jambo moja jipya na swali moja lililobaki. Mwanafunzi apewe kazi ya kumwuliza babu au nyanya yake swali hilo. Mara nyingi ziara yenyewe huanza hapo.

Kutoka ziara hadi mazungumzo ya kijiji

Majengo ya kale hudumu yanapopewa kazi. Huko Boston, Marekani, jengo la ibada linaloitwa Old South Meeting House, lililojengwa mwaka 1729, lilikaribia kubomolewa mwaka 1876. Wananchi walichanga pesa wakaliokoa, na tangu wakati huo limetumika kama makumbusho na mahali pa mihadhara na mijadala ya wazi. Lililoliokoa ni kwamba watu waliendelea kuwa na sababu ya kuingia.

Vijiji vya Kilifi vinaweza kufanya vivyo hivyo bila gharama kubwa. Shule, kanisa, msikiti, chama cha vijana au kikundi cha ustawi kinaweza kuandaa mazungumzo ya saa moja na nusu kuhusu historia ya mahali pao. Mambo manne husaidia:

1. Wasemaji wawe wawili au zaidi, kwa mfano mzee wa kaya na mwalimu wa historia, au mjukuu wa familia ya misheni na mwelekezi wa makavazi. Msemaji mmoja huacha pengo.

2. Lugha iwe ile inayoeleweka na waliohudhuria. Mzee anayezungumza Kirabai au Kigiriama aachwe aseme kwa lugha yake, kisha atafsiriwe.

3. Mazungumzo yarekodiwe kwa simu baada ya msemaji kukubali, na nakala ipewe familia yake na shule. Yale ambayo hataki yasambazwe yasisambazwe.

4. Nusu ya muda iwe ya maswali, na watoto wapewe nafasi ya kuuliza kabla ya watu wazima.

Kama mazungumzo yatafanyiwa ndani ya jengo la kihistoria au uwanjani pake, idhini ya wasimamizi itafutwe mapema. Idadi ya watu ilingane na nafasi, na vipaza sauti, misumari ya mabango na moto wa kupikia viwekwe mbali na kuta.

Sheria na wajibu

Katiba ya 2010, Ibara ya 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Jedwali la Nne la Katiba linagawa kazi: majengo ya kale na kumbukumbu za kihistoria zenye umuhimu wa kitaifa ziko chini ya serikali ya kitaifa, ilhali shughuli za utamaduni, maktaba na majumba ya makumbusho ya ngazi ya kaunti ni kazi ya kaunti. Ndiyo maana mwenye malalamiko kuhusu jengo lililo chini ya Makavazi ya Kitaifa huanzia kwa makavazi, na mwenye pendekezo la maktaba au kituo cha utamaduni cha wadi hulileta kwa kaunti. Vikao vya ushirikishaji wa umma kuhusu bajeti ni mahali pa kutoa mapendekezo ya namna hiyo.

Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inakataza kuharibu, kubomoa au kuhamisha vitu vya kale vilivyolindwa. Anayechimba msingi wa nyumba au choo akakuta vigae vya kale, makaburi yasiyojulikana au kuta zilizofukiwa, asimamishe kazi na awaarifu makavazi bila kuchelewa. Sheria ya 2016 kuhusu ulinzi wa maarifa ya jadi inazipa kaunti wajibu wa kuandikisha maarifa ya jamii zao, ili yasichukuliwe na kuuzwa na wengine bila ridhaa.

Wenye nyumba za zamani za mawe na chokaa wana jambo jingine la kujua. Ukuta wa chokaa hupumua, yaani huingiza unyevu na kuutoa. Ukipakwa saruji, unyevu hufungiwa ndani, na baada ya miaka michache ukuta huanza kumeguka kutoka ndani. Ufa mdogo zibwe kwa chokaa na fundi anayeijua kazi hiyo. Kwa jengo lililolindwa kisheria, ukarabati wowote uanze kwa ushauri wa makavazi.

Maswali ya kujadili

1. Kuna tofauti gani kati ya kusema "kanisa la kwanza nchini" na "kanisa la kwanza la misheni za karne ya 19"?

2. Ni nani wenyeji waliowawezesha Krapf na Rebmann kukaa na kusafiri? Kwa nini majina yao hayajulikani sana?

3. Kwa nini watoro walihitaji hati za uhuru mwaka 1889, ilhali mkataba ulikuwa umetiwa saini mwaka 1873?

4. Katika kijiji chenu kuna jengo, kisima, mti au kaburi gani lenye historia? Nani anaijua, na ana umri gani?

Jibu la swali la nne ndilo la kuanzia. Kama anayejua ni mmoja tu na ni mzee, kikundi kisingojee ziara ya Rabai. Kiende kwake wiki hii na daftari, kikae, kimsikilize.